PUMZIKO NALO NI KAZI

(Hotuba iliyosomwa mjini Tukuyu mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, na mwanachama mwenzetu aliyefundisha michezo kwa miaka mingi. Tumeichapa kama ilivyosomwa, pamoja na baadhi ya maswali aliyoulizwa.)



Kamati iliponiandikia ilinitaka niseme neno juu ya siha. Siha ni jambo pana, na nafasi niliyopewa ni ndogo. Kwa hiyo nimechagua kuzungumzia dakika mbili tu. Nina maana ya zile dakika ambazo mtu anayenyanyua vyuma hukaa bila kunyanyua chochote, baada ya kumaliza mkupuo mmoja na kabla ya kuanza mwingine.

Mtaniuliza: tumetoka mbali kote huko kuja kusikia habari za mtu aliyekaa bure? Ninazo sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba katika ajenda ya leo tunaombwa kuchangia banda la mazoezi kwa ajili ya wanafunzi. Kabla ya kutoa fedha zetu yafaa tujue vyuma hivyo vitatumikaje, maana chuma kikitumiwa vibaya humpa kijana maumivu ya mgongo badala ya nguvu. Sababu ya pili ni kwamba wengi wetu humu ukumbini tumekwisha kuota mvi, na misuli yetu inapungua kimyakimya. Dakika hizo mbili zinatuhusu sisi sawasawa na zinavyowahusu hawa vijana.

Mchakamchaka na vyuma

Kila aliyesoma katika nchi hii anaujua mchakamchaka. Tuliamshwa alfajiri, tukakimbia katika ukungu na manyunyu, miguu ikipiga chini kwa mdundo mmoja. Aliyesimama kufunga kamba za viatu aliitwa mvivu. Kutokana na malezi hayo tuliamini kwamba ukakamavu ni kutosimama, na kwamba mtu anayepumzika anaidanganya nafsi yake.

Kwa mbio imani hiyo ina msingi wake. Mbio hujenga moyo na mapafu, na mapumziko mafupi huulazimisha moyo uendelee kufanya kazi. Emil Zatopek wa Chekoslovakia alikuwa akikimbia mita 400 mara nyingi sana, na kati ya mbio na mbio hakusimama, bali alikwenda mwendo wa taratibu wa mita 200 kisha akaanza tena. Mwaka 1952 kule Helsinki alishinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni katika michezo ile ile ya Olimpiki. Nasi Watanzania, baada ya Filbert Bayi kuvunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, tulizidi kuona kwamba mazoezi ya kweli ni mbio.

Kosa limo katika kuichukua sheria ya mbio na kuipeleka kwenye vyuma. Mkimbiaji anafundisha pumzi. Mnyanyuaji anaujenga msuli wenyewe, uongezeke unene na nguvu. Hizo ni kazi mbili, na kila moja ina saa yake.

Mkupuo ni nini

Kwa wale ambao hawajapata kushika chuma, nieleze kidogo. Mtu hunyanyua mzigo, mathalani mara 10 mfululizo, kisha huuweka chini. Huo ni mkupuo mmoja. Vijana wa mjini huuita seti. Hupumzika, akanyanyua tena mara 10 au pungufu, akapumzika, akamalizia wa tatu.

Mpango huu wa mikupuo mitatu ya mara 10, unaofuatwa hata katika mabanda ya mitaani ambako chuma ni bomba la maji lenye makopo mawili ya zege, una asili yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili daktari kijana wa Kimarekani, Thomas DeLorme, alikuwa akiwatibu askari waliojeruhiwa magoti katika hospitali ya jeshi mjini Chicago. Desturi ya wakati ule ilikuwa kumpa mgonjwa mzigo mwepesi anyanyue mara nyingi mno. DeLorme akawapa mzigo mzito, mara chache, na kuuongeza kila nguvu zilipoongezeka. Askari wakapona upesi kuliko ilivyotazamiwa. Aliandika habari hizo mwaka 1945, na mwaka 1948 yeye na mwenzake Watkins wakaupanga utaratibu wa mikupuo mitatu ya mara 10. Tangu hapo dunia nzima imekuwa ikibishana juu ya jambo moja: kati ya mkupuo na mkupuo, mtu apumzike kwa muda gani?

Kinachotokea ndani ya msuli

Msuli unaponyanyua kitu kizito hutumia akiba ya nguvu iliyomo ndani yake wenyewe. Sehemu ya akiba hiyo wataalamu huiita kriatini fosfati. Ni akiba inayotoa nguvu nyingi kwa haraka, lakini ni ndogo, na huisha katika muda wa sekunde chache za kazi nzito. Ifananishe na pipa lenye koki kubwa chini na bomba jembamba linalolijaza juu. Ukifungua koki maji hutoka kwa kishindo. Lakini kulijaza tena ni mpaka usubiri. Katika nusu dakika ya kwanza hurudi karibu nusu ya akiba, na kujaa karibu kabisa huchukua dakika tatu hadi tano.

Sasa tuone hesabu. Huu ni mfano wangu wa kuelezea, si vipimo vya maabara. Kijana ananyanyua kilo 50. Mkupuo wa kwanza anaweza mara 10. Akipumzika dakika moja tu, wa pili ataweza mara 7, na wa tatu mara 5. Jumla ni mara 22, yaani kilo 1,100. Kijana yule yule akipumzika dakika tatu ataweza mara 10, kisha 9, kisha 8. Jumla ni mara 27, yaani kilo 1,350. Chuma ni kile kile na jasho ni lile lile, lakini msuli umefanya kazi ya kilo 250 zaidi.

Hapo ndipo penye siri yote. Msuli haukui kwa sababu mwenyewe ameteseka. Hukua kwa sababu nyuzi zake zimevutwa kwa nguvu, mara za kutosha, zikapelekewa habari kwamba kazi ya hapa ni nzito, jengeni. Baada ya hapo mwili hutumia protini ya chakula kuzijenga. Anayepumzika kidogo mno huhisi msuli ukiwaka kama pilipili, akadhani ndiko kukua. Kuwaka huko ni dalili ya uchovu tu.

Wataalamu walichokiona

Kwa muda mrefu hata wataalamu walidhani kwamba pumziko la dakika moja ndilo bora kwa kukuza misuli. Walipima damu ya wanyanyuaji wakaona kwamba pumziko fupi huipandisha homoni ya ukuaji, wakasema basi hiyo ndiyo njia. Baadaye ilionekana kwamba homoni hiyo hupanda kwa muda mfupi tu kisha hushuka, na kupanda huko hakukuleta misuli mikubwa zaidi.

Mwaka 1997, 2007, hata juzi, mabishano yaliendelea kwenye mabanda. Lakini vipimo vimekwisha kufanywa, nami nitavitaja vitatu.

Mwaka 2005 kule Ufini wanaume 13 waliozoea vyuma walifuatiliwa kwa miezi sita. Wakapumzika dakika mbili katika kipindi kimoja na dakika tano katika kingine. Hapakuonekana tofauti katika nguvu wala katika ukubwa wa msuli. Maana yake, ukifika dakika mbili, kuzidisha hadi tano hakukuongezei kitu.

Mwaka 2016 Brad Schoenfeld na wenzake wa Marekani waliwachukua vijana 21 wenye uzoefu wakawagawa makundi mawili. Kundi moja lilipumzika dakika moja, jingine dakika tatu. Mambo mengine yote yalikuwa sawa: siku tatu kwa wiki, mazoezi saba, mikupuo mitatu ya mara 8 hadi 12, kwa wiki nane. Mwishoni waliopumzika dakika tatu waliongezeka nguvu zaidi, na misuli yao ya mbele ya paja ilinenepa zaidi.

Mwaka huo huo, kule Birmingham, Uingereza, wanasayansi walichukua vipande vidogo vya msuli baada ya mazoezi ili kuona protini inajengwa kwa kasi gani. Katika saa za mwanzo, ongezeko kwa waliopumzika dakika tano lilikuwa karibu mara mbili ya lile la waliopumzika dakika moja.

Mwaka 2024 watafiti walikusanya vipimo vingi vya namna hii wakavijumlisha. Walikuta kwamba kupumzika zaidi ya dakika moja kuna faida ndogo kwa ukuaji wa misuli, na kwamba baada ya kupita dakika moja na nusu tofauti haionekani wazi. Nawaomba vijana walisikie neno “ndogo”. Aliyezoea dakika moja hakupoteza kila kitu. Chakula, usingizi na kuhudhuria mazoezi kila wiki vina uzito kuliko saa. Lakini faida ndogo inayopatikana kwa kukaa tu, nani aikatae?

Kwa hiyo sheria yangu ni nyepesi. Kwa mazoezi makubwa, kama kuchuchumaa na mzigo mabegani au kulala chali na kusukuma chuma, pumzika dakika mbili hadi tatu. Kwa mazoezi madogo ya mkono mmoja au bega, dakika moja hadi moja na nusu inatosha. Usipungue dakika moja, wala usikae kupiga soga dakika kumi mpaka mwili upoe.

Hapa kwetu Tukuyu, kwenye mwinuko wa kama mita 1,600, kupoa si mzaha. Mwezi wa Juni au Julai kijana aliyevaa singleti huanza kutetemeka mara tu anapoweka chuma chini. Avae sweta katikati ya mikupuo, atembee hatua chache, anyooshe mikono. Kupumzika si kulala kwenye sakafu ya saruji.

Foleni ya vyuma

Sasa nirudi kwenye banda letu. Najua wapo watakaosema: vyuma vinne kwa shule nzima vitafaa nini? Vijana watakaa foleni tu. Ndugu zangu, foleni hiyo ndiyo pumziko lenyewe.

Tuhesabu pamoja. Chuma kimoja kipewe vijana wanne. Kila mmoja anyanyue mkupuo wake kwa sekunde 40, na kupokezana kuchukue sekunde 10. Yule aliyemaliza anawasubiri wenzake watatu, sekunde 50 kwa kila mmoja, jumla sekunde 150. Hizo ni dakika mbili na nusu, pumziko linalotakiwa hasa, bila saa ya mtu yeyote. Mikupuo mitatu kwa vijana wanne ni zamu 12, yaani dakika 10. Mazoezi manne ni dakika 40. Vyuma vinne vinahudumia vijana 16 katika kipindi kimoja cha jioni, na siku tano za shule zikigawanywa vizuri kila kikundi kinapata siku zake mbili.

Tena anayesubiri hakai bure. Mmoja asimame nyuma ya anayenyanyua, tayari kukishika chuma kikimshinda. Mwingine ahesabu kwa sauti na kuutazama mgongo wa mwenzake kama umenyooka. Ajali ya vyuma inaweza kumpata mtu aliye peke yake, aliyechoka, mwenye haraka. Kikundi cha wanne huziondoa sababu zote tatu kwa mara moja.

Ndiyo maana naomba, pamoja na michango yetu, tuweke kanuni mbili ukutani: mtu asinyanyue peke yake, na mkubwa asimnyang’anye mdogo zamu yake. Sote tunakumbuka namna wanafunzi wa madarasa ya juu walivyokuwa wakijitwalia kila kitu, kuanzia ndoo za maji ya kuoga. Akinyang’anya chuma anamnyima mdogo mazoezi, naye mwenyewe anajinyima pumziko.

Kwa sisi wenye mvi

Wazee wenzangu, msidhani nimewasahau. Tangu umri wa miaka 30 na kitu misuli ya mtu huanza kupungua, na baada ya 60 hupungua kwa kasi zaidi. Sisi tunaoishi kwenye miteremko ya Rungwe tunajua maana yake. Njia ya kwenda shambani ikinyeshewa huwa kama sabuni, na goti lisilo na msuli halimzuii mtu asianguke. Nyonga ikivunjika uzeeni, nyumba nzima inabadilika.

Lakini msuli hausahau kujengwa. Mwaka 1990 ilichapishwa kule Marekani habari ya wazee 10 dhaifu, wenye umri wa kama miaka 90, waliokuwa wakitunzwa katika nyumba ya wazee. Walifanyishwa mazoezi ya nguvu ya miguu kwa wiki nane. Tisa walimaliza, na nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri kila mtu mzima, hata mzee, afanye mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki.

Huhitaji banda. Chukua kiti imara, kiegemeze ukutani, ukae, usimame, ukae, usimame, mara 8 hadi 12 bila kujisukuma kwa mikono ukiweza. Huo ni mkupuo. Kisha pumzika dakika mbili kamili, na hapa pumziko lina kazi ya pili: unaponyanyua, shinikizo la damu hupanda, na unapopumzika hushuka. Usianze tena mpaka uweze kusema sentensi nzima bila kuhema. Wakati wa kusimama toa pumzi nje, usiibane kifuani. Na mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo apite kwanza Makandana au Igogwe, apimwe, amwulize daktari.

Chakula tunacho. Ndizi zinatupa nguvu ya kazi, na maharage na maziwa yanatupa protini ya kujengea. Mzee anayekula ndizi tupu siku nzima na kuwaachia wajukuu maziwa yote anafanya wema, lakini abakize na kikombe chake.

Ndugu Mwenyekiti, mji huu ulikwisha kuionyesha nchi kwamba nao una nguvu. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala wetu, walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Vijana wanaosoma hapa leo wanayo miili ya namna ile ile. Tuwape vyuma, na pamoja na vyuma tuwape ruhusa ya kuviweka chini kwa dakika mbili bila kuitwa wavivu.

 

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Mimi ni mtu wa ofisini, nina dakika 20 tu. Hizo dakika mbili mbili nitazitoa wapi?

Jibu: Panga mazoezi mawili ya sehemu tofauti. Fanya pushapu, kisha badala ya kukaa, chuchumaa na kusimama. Mikono inapumzika miguu ikifanya kazi, na miguu inapumzika mikono ikifanya kazi. Au, ukiamua kupumzika dakika moja tu, ongeza mkupuo mmoja ili kazi iliyopotea irudi.

Swali (kutoka kwa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu): Nikifanya kila siku, si nitakua haraka zaidi?

Jibu: Hapana, mwanangu. Kuna pumziko la dakika na kuna pumziko la siku. Msuli uliofanya kazi nzito leo upe siku moja au mbili kabla ya kuurudia. Na kuna pumziko la usiku. Anayenyanyua vyuma jioni na kukesha na vitabu mpaka alfajiri anabomoa kwa mkono mmoja anachojenga kwa mwingine.

Swali (kutoka kwa mzee wa darasa la mwanzo): Mimi nalima migomba yangu mpaka leo. Hiyo haitoshi?

Jibu: Shikamoo, mzee wangu. Jembe limekufikisha hapa ulipo, usiliache. Lakini jembe uzito wake ni ule ule kila mwaka, na hufanya kazi zaidi mikono na mgongo. Ongeza kile kiti kwa ajili ya mapaja, siku mbili kwa wiki. Na ukibeba mkungu kutoka shambani ukaona vema kuutua njiani upumue, utue bila haya. Sayansi iko upande wako.

(Baada ya hapo Mwenyekiti alimshukuru msemaji, na mkutano ukaendelea na ajenda ya michango ya banda.)